MTANDAO HUKUJUAJE KUWA NI WEWE?



Mtu aletapo magunia yake ya karafuu, karani humjua kwa uso. Siku hizi fedha na hesabu nyingi hupita katika simu na kompyuta, nazo hazina macho. Yafaa kila mwanachama ajue zinavyomtambua mtu, maana asiyejua huweza kupokonywa jasho la msimu mzima.

Njia ya zamani ni neno la siri. Mteja hulipeleka, na kompyuta ya huduma hulikagua. Njiani hulindwa na kanuni iitwayo TLS, ambayo toleo lake la 1.3 lilitoka mwaka 2018. Kanuni hiyo huyafumba maneno asiyaelewe anayedukiza. Mwenye huduma mwangalifu naye haliweki neno lenyewe katika daftari lake. Hulichanganya na namba za kubahatisha, kisha hulisaga kwa hesabu. Karafuu iliyosagwa hairudi kuwa karafuu. Hata hivyo ila moja yabaki: siri yenyewe imetoka mkononi mwako. Ukiiandika katika ukurasa wa laghai, umekwisha mpa.

Dawa yake ilianzia Marekani mwaka 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman walipotangaza fikra ya funguo mbili, mmoja wa siri na mmoja wa wazi. Hivi leo simu huweza kutengeneza funguo hizo, ikampelekea mwenye huduma ule wa wazi tu. Utakapo kuingia, yeye huleta namba mpya ya kubahatisha; simu huitia sahihi kwa ufunguo wa siri, naye huikagua sahihi hiyo kwa ule wa wazi. Siri haikutoka simuni. Aliyeinasa sahihi ya leo haitamfaa kesho, kwa kuwa kesho namba ni nyingine. Aliyeiba daftari ataona funguo za wazi tu, nazo haziwezi kutia sahihi. Na kwa kuwa ufunguo hufungamana na jina la huduma, ukurasa wa laghai haupati kitu. Kanuni ya mambo haya, iitwayo WebAuthn, ilipitishwa mwaka 2019.

Basi huduma ikikupeni njia hii, ishikeni. Pale inapobaki namba ya siri, kumbukeni kwamba hapana hesabu iwezayo kumlinda aliyeitaja kwa mdomo wake. Apigaye simu akajiita karani na kuiomba, mnyimeni, hata akiyajua majina yenu na idadi ya magunia yenu.