Mshika Mbili na Shule Inayomsaidia

Miongoni mwa mambo ambayo wazazi hutufikishia sisi wanakamati wa msikiti, aghalabu baada ya swala ya Ijumaa, ni hili: kijana ana kipaji cha mchezo, shule inamtaka kwenye timu, na alama zake darasani zimeanza kushuka. Baba anataka mchezo ukome. Mama anachelea kwamba kijana akikatazwa ghafla, ataichukia na shule yenyewe. Na ikiwa mwenye kipaji ni binti, huongezeka swali la tatu, nalo ni la vazi.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini inamhusu zaidi aliyeshika peke yake. Tunaona ni vyema tuutazame mfano wa binti wa Kiislamu aliyeshika mbili na asiponyokwe na hata moja, kwa kuwa nyumbani na shuleni palikuwa na mikono mingine ya kumsaidia.

Ibtihaj Muhammad alizaliwa mwaka 1985 nchini Marekani, akakulia Maplewood katika jimbo la New Jersey. Mama yake alikuwa mwalimu na baba yake askari wa upelelezi. Wazazi hao walitaka watoto wao washiriki michezo, lakini kila mchezo ulikuja na jezi yake, na mama alilazimika kuongeza mikono mirefu au suruali ili binti apate stara. Kila alipoingia uwanjani, Ibtihaj alionekana tofauti na wenziwe.

Kisha mama na binti, wakipita kwa gari karibu na Shule ya Sekondari ya Columbia mjini humo, waliwaona wanafunzi waliofunikwa kwa mavazi tangu shingoni hadi miguuni, vichwa na nyuso zikiwa ndani ya kinga. Walikuwa wakicheza mchezo wa panga, ule wa kushindana kugusana kwa panga zisizo na makali. Mama aliona jambo moja lililomtosha: vazi lile halikuhitaji kuongezwa chochote.

Mchezo wa panga una gharama, na kwa muda mrefu umehesabiwa kuwa wa wenye nacho. Kwa kuwa Columbia, shule ya umma, ilikuwa na timu yake, mlango ulikuwa wazi kwa mtoto wa mwalimu na askari. Ibtihaj alianza akiwa na umri wa miaka 13. Baadaye mwalimu wa mchezo alimhamishia kwenye kitara, aina ya upanga inayotaka wepesi na ukali. Akawa nahodha wa timu ya shule. Naye amepata kueleza kwamba aliuthamini mchezo huo kwa sababu uliweza kumsaidia kufika chuo kikuu kizuri. Hivyo upanga ulikuwa mtumishi wa daftari, wala haukuwa adui yake.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Duke, akahitimu mwaka 2007 katika fani mbili: uhusiano wa kimataifa na masomo ya Wamarekani weusi. Mwaka 2010 aliingia timu ya taifa. Mwaka 2014 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa dunia mjini Kazan, Urusi. Mwaka 2016, kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro, akawa Mmarekani wa kwanza kushindana katika michezo hiyo akiwa amevaa hijabu, na timu yake ya kitara ikapata medali ya shaba.

Tunamwomba msomaji azihesabu tarehe hizo. Shahada ilitangulia medali kwa miaka 9. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe aache shule sasa hivi, la sivyo bahati itampita, na azikumbuke. Wanaofika kileleni mwa mchezo ni wachache, na goti la mchezaji laweza kuumia siku yoyote. Goti likivunjika, cheti hakivunjiki.

Hapa kwetu suala hili lina kalenda yake. Mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, hufanyika katikati ya mwaka, na mtihani wa kidato cha nne huwa mwezi wa Novemba. Mwanafunzi anayepelekwa kambini hurudi akiwa amekosa vipindi, na miezi iliyobaki ni michache. Shule inayomtakia heri haimpokei kwa shangwe za kikombe tu, bali humpangia vipindi vya fidia na mwalimu wa kumfuatilia. Vilevile hutoa ratiba ya mashindano mapema, humaliza mazoezi kabla ya magharibi ili mtoto awahi swala, chakula na kitabu, na humweka mwalimu wa kike safarini pamoja na mabinti.

Kuhusu vazi, udhuru umepungua. Kanuni za soka za kimataifa ziliruhusu rasmi kufunika kichwa mwaka 2014, na za mpira wa kikapu mwaka 2017. Shule inayomwambia binti achague baina ya hijabu na timu inadai jambo ambalo hata mashirikisho ya dunia yameacha kulidai.

Mzazi naye ana fungu lake. Aende shuleni kabla ya kambi, si baada ya matokeo, na amuulize mkuu wa shule vipindi vitafidiwaje. Binti anayetoka mazoezini asikabidhiwe vyombo na maji ya nyumba nzima ilhali kaka yake amekaa; wagawane kazi, naye apate saa mbili za kusoma. Na kijana mwenyewe ajue kwamba usingizi ni sehemu ya mazoezi, na kwamba simu ya usiku wa manane huiba miguu na akili kwa pamoja.

Kabla ya kumkataza mtoto au kumwachia atakavyo, basi, tunashauri wakae pamoja watu wanne: mzazi, mwalimu wa darasa, mwalimu wa michezo na mtoto mwenyewe. Waandike ratiba moja, waipime kwa muhula mmoja, na alama zikishuka wapunguze mazoezi kabla ya kuyafuta. Kikao hicho hakina gharama.