Mlio wa Kugonga katika Injini za Mgandamizo Mkubwa

Injini ya petroli huvuta mchanganyiko wa hewa na mafuta ndani ya silinda, huubana kwa pistoni, kisha huuwasha kwa cheche ya plagi, na kadiri mchanganyiko huo unavyobanwa zaidi kabla ya kuwashwa, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto lake inavyogeuka kuwa nguvu ya kuzungusha magurudumu. Kubana huko hupimwa kwa uwiano wa mgandamizo, yaani ukubwa wa nafasi iliyomo ndani ya silinda pistoni ikiwa chini kabisa, ukigawanywa kwa ukubwa wa nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa. Injini aliyoiunda Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876 ilibana kwa uwiano uliokaribia 2.5 kwa 1, ilhali magari mengi ya leo hubana kwa 10 kwa 1 na baadhi yamefika 14 kwa 1. Hesabu za nadharia zinaonyesha kwamba kupanda kutoka 8 hadi 13 huinua ufanisi kutoka takriban asilimia 56 hadi 64, ingawa injini halisi hupata pungufu ya hapo kwa kuwa joto jingi hupotelea kwenye rejeta na ekzosi. Kwa muda mrefu kizuizi kikubwa cha kupanda huko hakikuwa uimara wa chuma bali mlio mkali wa kugonga, unaosikika hasa gari linapopanda mlima likiwa limekanyagwa mafuta, na ambao chanzo chake kilieleweka vibaya kwa miaka mingi.

Cheche inaporuka, mchanganyiko haulipuki wote kwa mara moja. Mwali mdogo huanzia kwenye ncha za plagi na kusambaa kuelekea kuta za silinda kama moto wa nyasi unaosukumwa na upepo, kwa kasi inayoweza kuwa mita 20 hadi 40 kwa sekunde, hata injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika ikamaliza kuunguza mchanganyiko wake ndani ya sehemu mbili au tatu tu za elfu ya sekunde. Muda huo ni mfupi mno kwa binadamu, lakini kwa molekuli za petroli ni mrefu. Gesi iliyo mbali na plagi, ambayo wataalamu huiita gesi ya mwisho kwa kuwa ndiyo inayofikiwa na mwali baada ya nyingine zote, hubanwa mara mbili: kwanza na pistoni inayopanda, kisha na gesi iliyokwisha kuungua ambayo hutanuka na kuisukuma ukutani. Kubana gesi huipandisha joto. Mchanganyiko ulioanza na nyuzi 60 za Selsiasi hufika karibu nyuzi 470 ukibanwa kwa uwiano wa 10, na karibu nyuzi 540 kwa uwiano wa 13, hata kabla mwali haujaongeza shinikizo lake. Katika joto kama hilo molekuli za mafuta huanza kuvunjika na kuungana na oksijeni zenyewe, pasipo kungoja cheche.

Kugonga, kwa hiyo, ni matokeo ya mbio kati ya mwali na kemia. Mwali ukiifikia gesi ya mwisho mapema, injini hufanya kazi kwa utulivu. Kemia ikitangulia, gesi hiyo yote hujiwasha kwa mkupuo, shinikizo lake likapanda ghafla mahali pamoja, na mawimbi ya shinikizo yakaanza kwenda na kurudi kati ya kuta za silinda. Silinda yenye kipenyo cha milimita 86 huvuma kwa mitetemo takriban 6,500 kwa sekunde, na ndiyo maana sikio husikia mlio mwembamba wa chuma. Mlio huo hautoki kwenye vyuma vinavyogongana. Beringi za konrodi zilizolika nazo hugonga, lakini mlio wao ni mzito na huendelea hata mafuta yanapobadilishwa, na fundi anayechanganya hayo mawili anaweza kufungua injini nzima bila sababu.

Madhara yake hutokana zaidi na joto kuliko na kishindo. Kwenye uso wa pistoni na wa silinda hedi hukaa tabaka jembamba la gesi iliyopoa, ambalo huikinga aluminiamu dhidi ya mwali wenye joto linalozidi nyuzi 2,000. Mawimbi ya kugonga hulipangusa tabaka hilo, joto likapenya moja kwa moja kwenye chuma, kingo za pistoni zikaanza kumomonyoka, migongo inayoshikilia ringi ikavunjika na gasketi ya hedi ikaungua. Kugonga kidogo na kwa nadra hakuharibu chochote, na wahandisi wengi huruhusu hali hiyo kwa makusudi. Hatari iko katika kugonga kunakoendelea, kwa sababu joto linaloongezeka huweza kuzaa kitu kibaya zaidi, nacho ni kuwaka kabla ya cheche. Hapo kipande cha masizi au ncha ya plagi iliyopata moto hadi kuiva huuwasha mchanganyiko wakati pistoni ingali inapanda, na injini iliyofikia hali hiyo inaweza kutoboka pistoni kwa muda mfupi sana.

Nchini Uingereza, mhandisi Harry Ricardo alichunguza jambo hili tangu kipindi cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akaunda injini ya majaribio ambayo uwiano wake wa mgandamizo uliweza kubadilishwa ikiwa inaendelea kufanya kazi, na akaonyesha kwamba aina ya mafuta na umbo la chumba cha kuunguzia vina uzito mkubwa katika kugonga. Nchini Marekani, Charles Kettering na Thomas Midgley walishika njia ya kemia: walijaribu vitu vingi sana, kisha tarehe 9 Desemba 1921 Midgley akagundua kwamba kiasi kidogo mno cha kampaundi ya risasi, iitwayo tetraethili ya risasi, kilinyamazisha kugonga. Ilijulikana wakati huohuo kwamba ethanoli nayo huzuia kugonga, ila ilihitajika kwa wingi na haikuweza kumilikiwa kwa hataza, ilhali risasi ilitosha kwa matone, hivyo risasi ndiyo iliyochaguliwa. Uamuzi huo wa kibiashara ulikuwa na gharama mbaya ambayo haikupaswa kuwashangaza wahusika, kwa maana sumu ya risasi ilifahamika tangu zamani za kale, na Midgley mwenyewe alilazimika kupumzika mapema mwaka 1923 ili kujiuguza madhara yake. Mwezi Oktoba 1924 wafanyakazi watano walikufa kwa sumu hiyo katika kiwanda cha Bayway, New Jersey. Mauzo ya petroli yenye risasi yakasitishwa mwaka 1925 na kurejeshwa mwaka 1926, na kwa miongo iliyofuata moshi wa magari ukatawanya risasi katika hewa waliyovuta watoto wa karibu kila mji duniani.

Mwaka huohuo wa 1926 mkemia Graham Edgar alipendekeza kipimo kinachotumika hadi leo. Aliipa namba 100 isooktani, ambayo molekuli zake zenye matawi hustahimili joto bila kujiwasha, na namba 0 heptani, ambayo molekuli zake ndefu zilizonyooka hujiwasha kwa urahisi. Petroli inayogonga sawasawa na mchanganyiko wenye asilimia 95 ya isooktani huitwa petroli ya oktani 95. Oktani, basi, ni kipimo cha subira ya mafuta, wala si kipimo cha nguvu zilizomo ndani yake. Ni vyema pia kukumbuka kwamba namba inayoandikwa kwenye pampu za Marekani ni wastani wa vipimo viwili, hivyo 87 ya huko hukaribia 91 au 92 kwa kipimo kinachotumika Afrika Mashariki, na mtu anayesoma kijitabu cha gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani anaweza kupotoka asipolijua hilo.

Kuondolewa kwa risasi kuliwarudisha wahandisi kwenye njia ya Ricardo. Mkutano wa Dakar wa mwaka 2001 uliweka azma ya kuiondoa risasi katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara, na kufikia mwanzo wa 2006 eneo hilo lilikuwa limeiacha. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani, mwezi Julai 2021, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi likatangaza mwisho huo tarehe 30 Agosti. Wakati huo Mazda ilikuwa imekwisha kuuza nchini Japani, tangu mwaka 2011, Demio yenye uwiano wa 14 kwa 1, gari ambalo baadaye liliingia kwa wingi katika barabara za Kenya na Tanzania. Siri yake haimo katika dawa yoyote ya petroli bali katika kuipunguzia joto gesi ya mwisho: sehemu ya gesi ya ekzosi ilipozwa kisha ikarudishwa silindani, pistoni ikachongwa shimo katikati ili mwali ukue haraka, na petroli ikanyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda, ambako inapovukiza huipoza hewa. Toyota Aqua ya kwanza, yenye 13.4 kwa 1, ilifuata hila nyingine ya kuchelewa kufunga valvu ya kuingiza hewa, hivi kwamba mgandamizo halisi huwa mdogo kuliko ule wa kwenye karatasi.

Kinga ya mwisho ni sensa ya kugonga, kipande kidogo kilichofungwa kwenye bloku ambacho husikiliza mitetemo, na kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroboksi, huchelewesha cheche mara inapoisikia. Ndiyo maana kugonga siku hizi hakusikiki, bali hulipwa kimyakimya kwa nguvu iliyopungua na mafuta yaliyoongezeka. Hali hiyo hulikuta hasa gari la tabo (turbo) lililoundwa kwa petroli bora ya Japani, ambayo kwa kiwango cha nchi hiyo haishuki chini ya oktani 96, linapojazwa petroli ya namba ndogo. Mahali nako kuna athari yake: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa likiwa pungufu kwa karibu asilimia 18, hivyo gari la kabureta ambalo fundi amelisogezea cheche mapema kwa kulisikiliza huko huanza kugonga likishuka kwenye hewa nzito na ya joto ya Mombasa.

Injini ndogo za tabo zinazonyunyiza mafuta moja kwa moja zimeleta tatizo lao, kwani zikibebeshwa mzigo mkubwa katika mizunguko ya chini, matone ya oili yanayopenya kwenye chumba cha kuunguzia huweza kuuwasha mchanganyiko kabla ya cheche, na sensa haiwezi kulizuia hilo kwa sababu cheche siyo iliyoanzisha moto. Kalisiamu nyingi katika oili huchochea jambo hilo, na ndiyo sababu daraja la oili la API SP lililoanza mwaka 2020 lilihusisha majaribio mahususi dhidi yake. Mwenye injini ya aina hiyo anapaswa kuzitafuta herufi hizo kwenye kopo la oili, na kushuka gia mapema mlimani badala ya kukanyaga mafuta hadi chini katika gia kubwa.