Goma: Siraji juu ya vumbi inaua viatu vya ngozi

Mjini Goma, mtu anayetoka nyumbani na viatu vya ngozi vyeusi hufika kazini vikiwa na rangi ya majivu. Barabara nyingi za mitaani hazina lami. Mwezi wa Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na mawe yake yangali yanasagwa kila siku na magurudumu ya moto na chukudu. Vumbi lake ni gumu, lina ncha. Likisuguliwa juu ya ngozi, linakwaruza kama msasa.

Mpiga siraji, yule anayegonga brosi kwenye kisanduku kwa kuita wateja, anafanya kazi haraka kwani kila kiatu ni makuta ya chakula. Wengine hupaka siraji juu ya vumbi moja kwa moja. Kiatu kinang'aa hadi jioni, lakini chembe zimebaki ndani ya nta, na brosi ya kesho itazisukuma kwenye ngozi. Mteja anaweza kuomba vumbi litolewe kwanza. Ila naye asimame akingoja, si kuangalia saa kila dakika halafu kulaumu kazi.

Kamba zinatolewa. Brosi kavu inapita, hasa kwenye mshono wa soli ambako vumbi hujificha, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo. Kiatu kikikauka ndipo siraji inapakwa, kidogo tu, na baada ya dakika kumi hivi brosi laini inaleta mng'ao. Siraji ya kopo ni nta: inang'arisha na kuzuia maji kidogo, lakini ngozi iliyoanza kukauka inahitaji krimu ya viatu. Esansi, ambayo wengine hutumia kwa kutoa madoa, inaondoa pia mafuta ya ngozi yenyewe. Na kiatu cha daim hakipakwi siraji hata kidogo. Brosi kavu inatosha.

Hasara kubwa zaidi huja na mvua. Viatu vimelowa Jumamosi, misa ni kesho, vinawekwa kando ya mbabula. Ngozi iliyolowa ikipata joto kali inajikunja, inakakamaa na kupasuka, na hakuna siraji ya kuirudisha. Dawa yake ni karatasi za gazeti la zamani ndani ya kiatu, zibadilishwe zikilowa, na kivuli penye hewa kwa siku moja au mbili.

Mwalimu mwenye jozi moja hana siku mbili. Kwake, ni heri abadilishe karatasi jioni na tena kabla ya kulala, halafu aende shuleni na viatu vyenye unyevu kidogo kuliko vilivyochomwa. Akipata jozi ya pili, hata iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine, avae kwa zamu: jasho la mguu nalo linahitaji siku nzima kukauka.