Kioo, Chupa na Ushanga: Maneno ya Makumbusho katika Nyanda za Juu Kusini

Makumbusho ya kioo hujengwa kwa kawaida pale kioo kilipotengenezwa. Yale ya Murano, karibu na Venisi, yalianzishwa mwaka 1861 miongoni mwa karakana zenyewe, na mgeni hutazama chombo huku tanuri likiwa si mbali naye. Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete, hapana urithi wa namna hiyo. Wahunzi wa Ukinga walisifika kwa majembe ya chuma, wala si kwa bilauri. Je, makumbusho madogo ya eneo hili yakitaka kueleza historia ya kioo yataonyesha nini?

Jibu la haraka, kwamba hakuna cha kuonyesha, linapuuza ushahidi wa lugha. Tuanze na malighafi. Kioo cha kale kilihitaji mchanga, magadi, chokaa na moto mkali. Kiswahili kina maneno haya yote: mchanga, magadi, chokaa, tanuri. Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, limebeba jina la aina ile ile ya chumvi ambayo Misri iliwapatia mafundi wa kioo wa Kirumi kwa karne nyingi. Hata tanuri la mhunzi lilizaa kioo bila kukusudia, kwani mavi ya chuma, yale mabonge meusi yanayong'aa yaliyotupwa kando ya tanuri, kwa sehemu kubwa ni silikati ya chuma iliyoyeyuka na kupoa. Mhunzi alikuwa na kioo miguuni pake, akakiita taka. Kwa hiyo lililokosekana halikuwa mchanga wala moto. Bidhaa iliyokwisha kutengenezwa ilifika kwa njia ya biashara, na chuma ndicho kilichokuwa na haja ya kufuliwa nyumbani.

Bidhaa hiyo ilipofika, wasemaji hawakuipokea mikono mitupu. Neno ushanga lina ndugu zake mbali sana na pwani. Wakongo husema nsanga na Waluba husema musanga. Mtawanyiko huo unaonyesha kwamba neno ni la kale, na kwamba kabla ya kuitwa kwa jina hilo chembe ya kioo kutoka Bara Hindi au Venisi, jina lilikwisha kuwapo kwa shanga za vitu vingine. Akiolojia ya Iringa inakubaliana na hoja hiyo, tena kwa kina cha muda ambacho lugha haiwezi kukifikia: katika pango la Magubike zimepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000.

Chupa nayo haikuanzia katika kioo. Kichewa kina nsupa, kibuyu kidogo cha kuwekea mafuta au dawa. Chombo cha kioo chenye shingo nyembamba kilipoingia, kilirithi jina la kibuyu kwa sababu kilifanana nacho kwa umbo na kwa kazi. Bilauri, kwa upande wake, ilikuja na jina lake mkononi, kutoka neno la Kiarabu la kioo cheupe cha jabali. Glasi ilifuata baadaye kutoka Kiingereza. Hivyo mtu anayeweka chupa, bilauri na glasi juu ya meza moja ameweka tabaka tatu za historia, ingawa yeye anaona vyombo tu.

Utajiri mkubwa zaidi umo katika majina ya shanga za misafara. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya 1857 na 1859 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860, aliorodhesha aina nyingi: samesame, sofi, sungomaji na nyinginezo. Shanga nyekundu za thamani ziliitwa pia kimara-pamba, alilolifasiri kuwa kimaliza chakula, kwa kuwa mtu angetoa hata mlo wake ili azipate. Jina jingine lilikuwa kifunja-mji, ambalo msikilizaji wa leo atalitambua mara moja kuwa ni kivunja mji. Kwa ajili yake, ilisemekana, wanawake waliwafilisi waume zao. (Tafsiri hiyo inafaa isomwe kwa tahadhari. Walioieleza walikuwa wanaume.) Shanga zilihesabiwa kwa kete, na kete kumi zikafanya fundo. Msafara uliobeba rangi isiyopendwa katika nchi fulani ulibeba mzigo wa bure, na kwa sababu hiyo msamiati huu haukuwa pambo la lugha bali chombo cha kazi.

Taa inatoa mfano wa karne iliyofuata. Neno la Kiingereza la bomba la moshi liliingia kama chemni au chemli, kwa maana ya kile kioo kinachozunguka utambi. Kisha sehemu ikalipa jina zima, na taa yenyewe ikaitwa chemli.

Hapa ndipo lilipo tatizo la makumbusho. Boma la Iringa, jengo la enzi ya Wajerumani, lilifunguliwa kama makumbusho ya eneo mwaka 2016, miaka minne baada ya Njombe kuwa mkoa wake. Anayetoka Iwawa hulifikia kwa kupitia Njombe na Makambako. Katika jumba la aina hiyo, vibao vya maelezo vikiandikwa kwanza kwa Kiingereza na kutafsiriwa baadaye, neno kioo hubebeshwa kila kitu: kioo cha kujitazamia, kioo cha dirisha, lenzi, na hata mata yenyewe. Maana hizo ni zake kweli. Lakini ushanga ukiandikwa "kipande cha kioo", na chupa "chombo cha kioo", mgeni hupewa kemia akanyimwa historia.

Utenganisho wa mata na kifaa unazidi kuhitajika sasa, kwani kioo hakitoki tena ng'ambo pekee. Kiwanda cha Kioo cha Dar es Salaam kimekuwa kikitengeneza chupa tangu miaka ya 1960, na mwaka 2023 kilizinduliwa Mkuranga kiwanda cha vioo bapa, ambavyo hutandazwa vikiwa uji wa moto juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka. Istilahi za kazi hiyo zinaundwa viwandani. Majina ya shanga katika Kikinga na Kibena hayana kiwanda. Yamo vinywani mwa wazee, na yanapaswa kurekodiwa kwao, pamoja na rangi, bei na mvaaji wa kila aina, kabla kibao chochote hakijaandikwa.