Saa na Jua Katika Mbeya na Iringa

Huenda wasomaji wetu wengi wamesikia kwamba katika nchi za Ulaya watu husogeza saa zao mbele kwa saa moja majira ya joto, kisha huzirudisha nyuma baridi ikaribiapo. Twapenda kueleza maana ya jambo hili, na jinsi linavyomhusu mkulima wa huku kwetu.

Ujerumani ilianza desturi hiyo Aprili 1916, na Uingereza ikafuata mwezi wa Mei, ili kupunguza makaa ya mawe yaliyotumika kwa taa wakati wa vita. Mjini London mchana wa Juni hupita saa 16, na ule wa Desemba haufiki saa 8. Hata hivyo wakulima wengi walinung'unika, kwa kuwa umande haukauki kwa amri ya saa. Vibarua walifika mashambani majani yangali mabichi, wakangoja bure. Kisha saa ya kuondoka ikafika jua lingali kali na kazi haijaisha.

Kwetu Mbeya, mchana mrefu kabisa wazidi ule mfupi kabisa kwa kadiri ya saa moja tu. Basi hapana faida ya kusogeza saa. Tena saa zetu zimekwisha kulitangulia jua. Saa ya Tanzania huhesabiwa kwa mstari upitao baharini, mashariki ya pwani yetu. Kwa hiyo jua lifikapo katikati ya safari yake, saa ya Mbeya huonyesha kama saa 6 na dakika 46, na ya Iringa kama saa 6 na dakika 37. Mwezi wa Juni jua la Mbeya huchomoza karibu na saa moja asubuhi.

Hapa ndipo penye madhara. Mtoto atakiwaye shuleni saa moja kamili huondoka nyumbani gizani, katika baridi kali. Naye mchumaji wa pareto aifuataye saa tu huchuma maua yenye umande, nayo yakirundikwa hupata moto na kuharibika.

Basi twawashauri wazee na walimu: mpangapo nyakati za shule na za kazi miezi ya Juni na Julai, litazameni jua kwanza, ndipo mtazame saa. Saa yafaa kwa safari, soko na hospitali, ili watu wapatane. Bali kuchuma pareto na kuanze umande ukisha kukauka.