Jiwe la kromaiti bado si mgodi

Kromaiti ni jiwe jeusi na zito linalopatikana katika baadhi ya milima ya Pokot Magharibi. Hutoa kromiamu, inayochanganywa na chuma ili kisishike kutu. Vijiko, sinki na vifaa vya hospitali hutengenezwa kwa chuma hicho. Lakini jiwe moja lililookotwa shambani halisemi lolote kuhusu mlima mzima.

Madini haya mara nyingi hukaa mifuko mifuko: hapa yamejaa, hatua ishirini mbele hayapo. Kwa hiyo wanajiolojia huchora ramani, huchimba mitaro, kisha hutoboa mashimo membamba ya kwenda chini na kupeleka vipande vya mwamba maabara. Mashimo yakiwa mbalimbali, tani zinazotajwa ni za kukisia tu. Yakikaribiana na matokeo yakalingana, hesabu hupanda daraja hadi kuitwa rasilimali iliyopimwa. Mwekezaji akitaja tani, aulizwe ni za daraja gani.

Kiwango kikiwa hafifu, hesabu huwa ngumu zaidi. Tuchukue mfano wa mwamba wenye asilimia 10 ya oksidi ya kromiamu, huku wanunuzi wakitaka asilimia 40. Ili kupata tani moja ya kuuza, husagwa tani nne ikiwa hakuna kinachopotea, na kila mara kuna kinachopotea. Kikiokolewa asilimia 70, zinahitajika karibu tani sita. Takriban tani tano hubaki kuwa taka.

Kutenganisha kwenyewe si kwa ajabu: mwamba husagwa, maji hupitishwa, kromaiti nzito hubaki na mchanga mwepesi huenda. Swali ni maji hayo yatatoka wapi, mahali ambapo mifugo pia huyategemea. Tena mwamba unaobeba kromaiti wakati mwingine huwa na nyuzi za asbesto, hivyo vumbi na taka vinahitaji mpango kabla ya kazi kuanza.

Leseni hutolewa na serikali ya kitaifa, si kaunti. Sheria ya Madini ya 2016 hugawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Fedha hizo huja madini yanapochimbwa, si yanapogunduliwa. Kwa ardhi ya jamii iliyosajiliwa, mkataba wa uwekezaji huhitaji idhini ya theluthi mbili ya mkutano wa wanajamii. Sahihi za wazee wachache hazitoshi.