Timu za Kanda ya Ziwa: ipi ya kukopeshwa, ipi ya kusubiriwa

Mfanyabiashara wa Mwaloni Kirumba hahitaji kufundishwa kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hupungua na bei hupanda. Lakini wapo wengi hapa Mwanza ambao mapato yao hutegemea kalenda nyingine, nao hawaisomi kwa makini kama mvuvi anavyoisoma ya mwezi. Hao ni wenye nyumba za wageni, wachapaji wa jezi, mama lishe wa kuzunguka Uwanja wa CCM Kirumba, wenye mabasi madogo ya kukodi, na hata wakopeshaji wadogo wanaofuatwa na viongozi wa timu mwezi unapokuwa mgumu. Kalenda yao ni msimamo wa ligi, na hasa zile nafasi nne za mwisho.

Kwanza ieleweke tofauti ya kimapato iliyopo kati ya Ligi Kuu na ligi inayofuata chini yake. Ligi Kuu yenye timu 16 humpa kila mwenyeji mechi 15 za nyumbani. Ligi ya Championship nayo, ikiwa na timu 16, hutoa mechi 15. Kwa hesabu ya idadi hakuna tofauti. Tofauti iko kwa wageni: Simba na Yanga huja Ligi Kuu tu, na siku wanapokuja vitanda hujaa, nyama choma huisha mapema, na mchuuzi wa skafu huuza kwa saa tatu kile ambacho angeuza kwa miezi miwili. Juu ya hapo kuna fedha za televisheni. Mkataba ambao Azam ilitia saini na Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) mwaka 2021 ulikuwa wa Shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na mwaka huo huo benki ya NBC ikaingia kuwa mdhamini mkuu wa ligi. Timu inayoshuka daraja huachana na sehemu kubwa ya mafungu hayo siku moja, ilhali mishahara iliyosainiwa na madeni ya hoteli hayashuki nayo.

Mwanza imekwisha kuonja hali hiyo. Msimu wa 2018/19 jiji lilikuwa na timu mbili Ligi Kuu, Mbao FC na Alliance FC. Msimu uliofuata zote mbili zikaanguka. Ikapanda Gwambina ya Misungwi, yenye uwanja wake yenyewe, ikadumu msimu mmoja na kushuka mwaka 2021. Kuanzia hapo hadi mwaka 2024 mkoa mzima, wenye mji wa pili kwa ukubwa nchini, haukuwa na timu hata moja Ligi Kuu. Kirumba ilipata nafuu kidogo kwa sababu Geita Gold iliutumia uwanja huo kwa baadhi ya mechi zake. Ukame huo ulikwisha Pamba Jiji ilipopanda mwishoni mwa msimu wa 2023/24.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe ya kupanda na kushuka, maana hapa ndipo wengi hudanganyika. Kwa utaratibu uliotumika katika misimu ya karibuni, timu mbili za juu za Championship hupanda moja kwa moja, na mbili za mkiani Ligi Kuu, ya 15 na ya 16, hushuka moja kwa moja. Timu ya 13 na ya 14 hukutana nyumbani na ugenini, inayoshinda hubaki. Inayoshindwa haijafa bado: hupewa nafasi ya pili dhidi ya mshindi kati ya timu ya tatu na ya nne za Championship.

Msomaji atazame vizuri jinsi mzani huu ulivyopangwa. Tuseme kila pambano ni sawa na kurusha sarafu. Timu ya 13 ina nusu ya uwezekano wa kubaki katika pambano la kwanza, na ikishindwa ina nusu nyingine katika la pili. Jumla yake ni robo tatu. Timu ya tatu ya Championship lazima ishinde mapambano yote mawili, nusu ya nusu, yaani robo moja tu. Kwa hiyo mwenye kushabikia timu ya chini anayekuambia kwamba "tumeingia mtoano, tumekaribia" anakuuzia robo kwa bei ya nusu. Na hapo tumekubali kwamba timu hizo zina nguvu sawa, jambo ambalo si kweli, kwani ya Ligi Kuu kwa kawaida ina kikosi kipana na imezoea kasi kubwa zaidi.

Kumbukumbu zinathibitisha. Kuanzia mwaka 2019 hadi 2025 yalichezwa mapambano 10 ya mwisho kati ya timu ya Ligi Kuu na ya daraja la chini, kwani katika miaka mitatu ya mwanzo yalikuwa mawili kila mwaka. Timu ya chini ilishinda mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa Ihefu mwaka 2020, na aliyelipa gharama alikuwa Mbao wa hapa kwetu: alifungwa 2-0 Mbarali, akashinda 4-2 Kirumba, jumla ikawa 4-4, akashuka kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Mara ya pili ilikuwa Mashujaa ya Kigoma mwaka 2023, ilipoiondoa Mbeya City.

Pamba ndiyo shahidi mkubwa kuliko wote katika jambo hili. Mwaka 2019 iliingia mtoano ikazuiwa na Kagera Sugar. Mwaka 2021 ikazuiwa na Coastal Union. Mwaka 2023 haikufika hata pambano la mwisho, kwani Mashujaa waliitoa kabla. Mara tatu wenye maduka walijaza jezi za furaha, na mara tatu zikabaki kwenye mabunda. Ilipopanda mwaka 2024 ilipita mlango mwingine kabisa: ilimaliza ya pili nyuma ya KenGold, haikuhitaji mtoano. Kwa mtazamo wa ukurasa huu, timu ya Championship isipimwe kwa uwezekano wa kuingia nne bora. Ipimwe kwa uwezekano wa kuingia mbili bora, mengine yahesabiwe kama bahati nasibu.

Hayo ni ya uwanjani. Mwenye fedha zake ana swali la pili, nalo ni zito zaidi: nani anailipa timu?

Pamba ya zamani, TP Lindanda, ilikuwa timu ya zao la pamba kwa jina na kwa mfuko. Wakati ambapo ununuzi wa pamba ulikuwa mikononi mwa shirika la umma na vyama vya ushirika, timu ilikuwa na mwajiri, na wachezaji kama George Masatu, Hussein Marsha na Khalfan Ngassa walivuma nchi nzima. Ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1990. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, mfuko ule ulikauka taratibu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 timu ikashuka, isirudi kwa zaidi ya miaka 20. Mpira wa Mwanza ulianguka pamoja na mfumo wa biashara uliokuwa ukiulisha. Si ajabu kwamba timu imerudi ikiwa chini ya mfuko mwingine wa umma, Halmashauri ya Jiji.

Mfuko wa halmashauri una faida na kasoro zake. Faida ni kwamba haufungi mlango usiku mmoja. Kasoro ni kwamba hulipa kwa taratibu za bajeti, na mwenye kudai hungoja saini juu ya saini. Pamba Jiji ilianza vibaya msimu wa 2024/25, ikaachana na kocha Goran Kopunović, ikamchukua Fredy Felix Minziro, yule aliyeipandisha Geita Gold mwaka 2021, na ikamaliza msimu bila kuingia mtoano. Mdeni wa namna hii hulipa, lakini hulipa kwa wakati wake. Mwenye mtaji mdogo asimkopeshe fedha anazozihitaji mwezi ujao.

Timu za viwanda na migodi ni aina nyingine. Kagera Sugar ilishuka mwaka 2025 baada ya miaka mingi Ligi Kuu, ikiandamana na KenGold. Mtu angedhani huo ndio mwisho wa mambo Bukoba. Lakini atazame Mtibwa Sugar: ilishuka mwaka 2024, mwajiri akaendelea kulipa, na mwaka uliofuata ikarudi ikiwa bingwa wa Championship. Timu yenye kiwanda nyuma yake hushuka daraja, haishuki thamani kwa kiasi kile kile. Geita Gold nayo, ikisaidiwa na mgodi, ilipanda mwaka 2021, ikamaliza ya nne msimu wake wa kwanza na kumtoa mfungaji bora wa ligi, George Mpole, kwa mabao 17. Mwaka 2024 ilishuka. Msimu wa 2024/25 ilijaribu mlango wa mtoano ikatolewa na Stand United ya Shinyanga, ambayo nayo ilifika pambano la mwisho na kuzuiwa na Fountain Gate. Hesabu ile ile ya robo.

Halafu kuna timu za wafanyabiashara na wapenzi, kama Mbao. Hizi hupanda kwa kishindo na kuanguka kwa kishindo. Msimu wake wa kwanza, 2016/17, Mbao iliitoa Yanga nusu fainali ya Kombe la Shirikisho pale Kirumba, ikafungwa na Simba 2-1 katika muda wa nyongeza kwenye fainali mjini Dodoma. Lakini timu isiyo na mfuko mzito huuza ng'ombe ili kununua majani. Pius Buswita alikwenda Yanga. Kocha Etienne Ndayiragije aliondoka mwaka 2018 kwenda KMC, kisha Azam, kisha Taifa Stars. Kila mafanikio yaliongeza bei ya watu wake na kupunguza uwezo wa kuwabakisha.

Alliance ya Mahina inastahili maelezo zaidi, kwa sababu ni biashara ya namna tofauti. Ni timu iliyozaliwa shuleni. Wamarekani wamejenga biashara nzito ya michezo juu ya vyuo vyao vikuu. Sisi tulicho nacho karibu na hicho ni kituo hiki chenye madarasa, mabweni na viwanja. Hapa mapato ya msingi ni ada, na timu ya wakubwa ni dirisha la duka. Iliposhuka mwaka 2020 dirisha lilivunjika, lakini duka lilibaki. Israel Mwenda alipitia Alliance na KMC kabla ya kuchukuliwa na Simba. Dickson Ambundo alikwenda Gor Mahia ya Kenya. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapohamishwa kwa ada ya kimataifa, asilimia 5 ya ada hiyo hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kwa hiyo kituo chenye kumbukumbu nzuri za usajili wa watoto kinaweza kupokea fedha miaka mingi baada ya kijana kuondoka. Kisicho na kumbukumbu hakipati kitu, hata kama kila mtu mtaani anajua nani alimfundisha.

Kuna hatari nyingine ambazo hazionekani kwenye msimamo. Biashara United ya Musoma ilimaliza ya nne Ligi Kuu mwaka 2021 na kupata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Iliitoa Dikhil ya Djibouti, ikaifunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam, kisha haikufika Libya kwa marudiano, kwa kuwa ndege na vibali vya safari havikukamilika kwa wakati. Ikaondolewa, na mwisho wa msimu huo ikashuka daraja. Ushindi nao una gharama, na timu isiyo na akiba huweza kuuawa nao.

Hatari ya pili ni ya kanuni. Mwaka 2016 Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa 8-0 siku ambayo Polisi Tabora iliifunga JKT Oljoro 7-0, huku wakigombea nafasi moja ya kupanda kwa tofauti ya mabao. TFF iliziadhibu zote nne kwa upangaji matokeo, na nafasi ikaenda kwa Mbao, iliyokuwa ya nne katika kundi. Aliyekuwa amechapa jezi za kupanda za Geita alibaki nazo. Jezi zisichapwe kabla matokeo hayajathibitishwa, hata kama kijana wa dukani anakuhimiza.

Kwa anayeuliza kuhusu hisa: hadi mwisho wa msimu wa 2024/25 hapakuwa na klabu ya mpira iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwekezaji mdogo wa Mwanza anaingia kwenye mpira kwa mlango wa nyuma, yaani kwa bidhaa, malazi, usafiri na mikopo.

Katika mlango huo tunaona mambo machache ya kufanyia kazi. Jezi zisizo na mwaka wala jina la mdhamini huuzika hata timu ikishuka. Zenye navyo hugeuka mitumba. Mkopo kwa timu iliyo kati ya nafasi ya 11 na ya 16 uishe kabla raundi tano za mwisho hazijaanza, kwa sababu baada ya hapo kila shilingi huelekezwa kwenye posho za ushindi na mwenye deni la chakula huwekwa kando. Wenye nyumba za wageni wa Nyegezi na Buhongwa nao wapige hesabu upya: tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, shabiki wa Geita anaweza kuja Kirumba na kurudi kwake jioni ile ile bila kungoja kivuko. Atanunua samaki na soda, lakini kitanda hatakihitaji tena.